Mzee Pamba na Ringi Zisizo na Mkwaruzo

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, saa kumi jioni, mtumishi aliyetutumikia kwa miaka thelathini na mmoja atatundika kofia yake ngumu kwenye msumari wa mlangoni, na Jumatatu hatakuja kuichukua. Ndiye dereva wa pikipiki mkongwe kuliko wote katika maabara yetu. Jalada la watumishi lina majina yake matatu kamili, lakini mwandishi wa makala haya hajawahi kumsikia mtu yeyote akiyatumia. Sote tunamwita Mzee Pamba.

Wageni hudhani jina hilo limetokana na nywele zake. Sivyo. Alipewa jina hilo nywele zikiwa bado nyeusi ti, na sababu yake tutaifikia.

Hakuajiriwa kuendesha pikipiki. Aliajiriwa kuosha chupa za vipimo, kwenye chumba cha nyuma chenye sinki mbili na dirisha lisilofunguka. Asubuhi moja dereva aliyekuwa zamu aliumwa, na sampuli zilikuwa zinasubiri katika zahanati ya mbali. Mkuu wa usafirishaji wa wakati huo alisimama uani akauliza nani anajua kuendesha. Muosha chupa akanyoosha mkono. Alichokijua kilikuwa baiskeli. Alikwenda, na alirudi, ila nusu ya njia ya kurudi aliisukuma pikipiki kwa miguu akidhani imeishiwa mafuta, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba chini ya tangi kuna kiswichi cha kufungulia mafuta ya akiba. Sampuli zilifika zikiwa baridi na nzima. Yeye alifika ameloa jasho kama aliyetumbukia kisimani. Wiki iliyofuata alihamishiwa usafirishaji.

Tangu hapo kazi yake imekuwa ileile: kuchukua damu na makohozi ya watu asiowafahamu kutoka zahanati za pembezoni, kuyafunga kwenye sanduku la barafu nyuma ya kiti, na kuyafikisha kwetu kabla hayajaharibika. Mtu akilisema haraka huonekana jambo dogo. Lakini wauguzi wa zahanati hizo wanasema mgonjwa akiuliza majibu yake yatatoka lini, wao huulizana kwanza: leo anakuja nani? Wakiambiwa ni Mzee Pamba, humwambia mgonjwa aende nyumbani akapumzike.

Sasa tuje kwenye magurudumu, maana huwezi kumweleza mtu huyu ukayaacha.

Pikipiki zetu hazilali ofisini. Mzunguko wa kwanza huanza kabla mlinzi hajafungua geti, kwa hiyo kila dereva hulala na pikipiki yake nyumbani, na matairi yakiisha hubadilishia hukohuko, uani kwake, kwa mikono yake. Matairi yenyewe hayana tyubu ndani. Hewa hushikiliwa na ukingo wa tairi unaobana ukingo wa ringi, basi. Ukichomeka vibaya leva, kile chuma bapa cha kubandulia tairi, kikakwaruza ukingo ule, hutaona chochote siku hiyo. Utaona baadaye, katikati ya safari, tairi linapoanza kulegea polepole na wewe una damu ya watu mgongoni. Madereva wawili wa zamani walipoteza sampuli kwa namna hiyo. Ndiyo maana katika idara ya usafirishaji mkwaruzo si suala la urembo.

Ni Mzee Pamba aliyeleta dawa ya kuugundua. Alikuwa na dereva mwenzake wakibishana kama ringi imekwaruzika au la. Huyu anapapasa kwa kidole anasema ni laini, yule anapapasa anasema inakuna. Mzee akaingia chumba cha kutolea damu, akaomba bonge la pamba, akalipitisha taratibu kuzunguka ukingo wote. Mahali fulani pamba ilinasa, ikaacha uzi mweupe. Ubishi ukaisha, na jina likazaliwa.

Leo hiyo ni desturi yetu. Dereva anayehama au kubadilisha pikipiki huikabidhi ofisini ikiwa na matairi mapya aliyoyafunga mwenyewe nyumbani kwake; anayestaafu huyafunga hukohuko kwake, mbele ya wenzake. Anayepokea ndiye anayepitisha pamba. Ikinasa, anayekabidhi anatakiwa aseme kwa kinywa chake: "Nakukabidhi na mkwaruzo, uko hapa," na aguse mahali penyewe kwa kidole. Hakuna adhabu, ila watu hawasahau. Mlinzi wetu wa getini alikuwa dereva, na aliisema sentensi hiyo miaka mingi iliyopita. Mpaka leo akichelewa kufungua geti huulizwa kama nalo limekwaruzika.

Mzee Pamba amebadilisha pikipiki mara kadhaa katika utumishi wake na hajawahi kuisema. Uani kuna msemo juu yake ambao hata waliojiunga juzi wanaujua: mikono miwili, hakuna mkwaruzo.

Namna anavyofanya amemweleza kila aliyeuliza, bila kuficha. Tairi jipya hulianika juani mpaka lilegee. Gurudumu hulilaza juu ya blanketi kuukuu lililokunjwa, diski ya breki ikitazama juu. Hutoa hewa yote, kisha hulibandua tairi la zamani kwenye ringi kwa kulikandamiza kwa stendi ya pembeni ya pikipiki ya mkwewe, naye akiwa ameikalia, maana huombwa pikipiki na uzito wake kwa pamoja. Ukingo wa ringi huuvika vipande alivyovikata kutoka dumu la mafuta ya kupikia, vilivyopinda vyenyewe kama mfereji mdogo, na leva hugusa dumu, haigusi ringi. Maji ya sabuni huyamwaga bila choyo. Na leva humega kidogo kidogo, upana wa vidole viwili, hata kama mvua inakuja.

Kubwa kuliko yote ni kauli yake hii: "Tairi likikugomea mbele, tazama nyuma." Katikati ya ringi kuna bonde. Upande wa tairi ulioupa mgongo lazima ukandamizwe ushuke kwenye bonde hilo, ndipo upande ulio mbele yako upate nafasi ya kuingia. Wengi hawatazami nyuma. Wanatumia nguvu mbele, na ringi ndiyo inayolia.

Asije mtu akadhani tunamsifia malaika. Mwaka mmoja alifunga tairi la nyuma kwa utulivu wa kupigiwa mfano, akapitisha pamba, akaosha mikono, akaketi kunywa chai. Mkwewe, aliyekuwa anasubiri kurudishiwa pikipiki yake, akamwuliza kwa heshima zote kama mshale ulioandikwa ubavuni mwa tairi haukupaswa kutazama mbele. Mzee akautazama mshale. Mshale ulikuwa unatazama alikotoka. Alimaliza chai yake, akafungua kila kitu, akaanza upya. Kwa muda mrefu baada ya hapo akiondoka asubuhi wenzake walimwuliza kama anakwenda au anarudi.

Pikipiki yake ya mwisho ni Namba Saba, na aliyepangiwa kuirithi ni dereva wetu wa kike tunayemwita Chapchap. Hatuhitaji kueleza jina lake. Ni hodari, hajawahi kuchelewesha sampuli, na kwa kasi hiyohiyo amekwaruza ringi mbili. Yeye na Mzee walikuwa hawaishi kutaniana. "Tairi ni mpira, Mzee, si yai," Chapchap alimwambia siku moja pale uani. Mzee akamjibu bila kuinua kichwa: "Ringi ndiyo yai, binti yangu."

Kwa siri Mzee alikuwa na hofu, na sasa tunaweza kuisema kwa sababu mwenyewe ameruhusu. Tuliona mwaka huu ameanza kushika kikombe kwa mikono miwili. Tuliona anatia sahihi polepole. Tukasema ni umri, na hatukuuliza zaidi. Kumbe vidole vyake vimekuwa vikikakamaa. Asubuhi vikishajikunja havikunjuki mpaka viloweshwe maji ya moto, na mara nyingine vinajifunga katikati ya kazi bila kuaga. Mtu mmoja tu alijua, naye ni mke wake, fundi cherehani, ambaye humfungia vifungo vya koti kabla hajatoka.

Basi makabidhiano ya Namba Saba yalimkabili mtu ambaye jina lake lote limesimama juu ya mikono yake, na mikono imeanza kumkana.

Yalifanyika Jumamosi iliyopita, asubuhi, nyuma ya nyumba yake. Ua ni mdogo, umesakafiwa kwa saruji, una kamba ya nguo na pipa la maji. Walikuwepo meneja, mkuu wa usafirishaji, mlinzi wa getini, Chapchap, na mwandishi wa makala haya, aliyetumwa kupiga picha na kuandika kwa usahihi. Dirisha la sebule linaangalia uani, na nyuma yake mke wa Mzee alikuwa anashona. Baadaye alituambia kwamba alfajiri aliombwa abaki ndani.

Gurudumu la mbele halikuwa na shida. Tairi lilikuwa limekaa juani, sabuni ilikuwa tele, Mzee alimega kidogo kidogo kama alivyotufundisha, na mlinzi alitoa maoni yake bila kuombwa. Cherehani ilikuwa inanguruma ndani. Tuliokuwa uani hatukutambua kwamba kila leva ilipogonga saruji, ile ngurumo ilikatika, kisha ikaendelea.

Gurudumu la nyuma ni pana na tairi lake ni gumu. Alikwenda vizuri mpaka kikabaki kipande cha mwisho, kama urefu wa kiganja. Hapo tairi likagoma. Alipiga goti moja nyuma ili likandamize, lakini akiinama mbele kushika leva goti linanyanyuka, akirudisha goti leva inalegea. Akavuta. Vidole vya mkono wa kulia vikajifunga juu ya chuma. Kile kipande cha dumu kikateleza, kikaanguka, na leva ikalala moja kwa moja juu ya ringi tupu.

"Kandamiza tu, Mzee," Chapchap akasema. "Limebaki kidogo."

Ilikuwa kweli. Angekandamiza, tairi lingeingia, kazi ingekwisha, na ringi ingepata alama ambayo labda pamba ingeinasa na labda isingeinasa. Mlinzi, ambaye kwa miaka yote hiyo alistahili kuifurahia dakika hii kuliko sisi sote, alitazama chini. Mzee hakukandamiza. Alibaki ameinama, leva mkononi, jasho likimtoka puani, na tuliona wazi kwamba hawezi kwenda mbele na hawezi kuachia. Ndani, cherehani ilikuwa kimya.

Kisha akainua kichwa, akaita kuelekea dirishani:

"Mama watoto! Njoo na magoti yako."

Alitoka upesi mno, mtu ungedhani alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni, sindano imechomekwa kifuani mwa blauzi. Hakuuliza kuna nini. Alikunja kitambaa, akakiweka juu ya tairi upande wa pili, mahali palepale panapotakiwa, akapiga magoti yote mawili na kuegemeza uzito wake. Mtu hapajui mahali pale kwa kubahatisha.

"Mbona umechelewa kuniita?" akasema.

"Kulikuwa na wageni."

"Wageni ndio wanaokupigia magoti?"

Meneja wetu, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alicheka mpaka akavua miwani. Na katikati ya kicheko hicho tairi lilishuka bondeni, mama akanyoosha mkono akarudisha kipande cha dumu chini ya leva, Mzee akavuta mara moja, kidogo tu, na kipande cha mwisho kikaingia kama mguu kwenye soksi. Vidole vyake vilikuwa bado vimefunga. Mke wake alivikunjua kimoja kimoja, mbele yetu sote, kisha akaichukua leva akaiweka chini.

Ndipo Mzee aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akatueleza. Alisema hajawahi kufunga tairi la nyuma peke yake. Tangu lile la kwanza kabisa yeye amekuwa mbele na mke wake nyuma, yeye na leva, mke wake na magoti. "Nilitaka kusema," alituambia. "Mara ya kwanza hakuna aliyeuliza. Mara ya pili mlikuwa mmeshanisifu." Akatazama mikono yake. "Sifa ikishalala kitandani kwako, unaona tabu kuiamsha."

Mke wake alimwambia aache kusumbua watu kwa maneno marefu, gurudumu bado halijatiwa upepo.

Mlinzi alipiga pampu. Ukingo wa tairi uliporuka na kukaa mahali pake ulilia pa! naye akaruka nao, na huo ukawa wakati wa kumcheka yeye, kama ilivyo ada.

Ikabaki pamba. Chapchap alimega bonge lake, akachuchumaa. Tulitegemea azungushe mara moja upesi. Hakufanya hivyo. Alikwenda polepole, ukingo wa kulia, kisha wa kushoto, na alipofika pale leva ilipokuwa imelala juu ya chuma alisimama, akarudi nyuma, akapita tena. Mzee alikuwa amesimama, mikono nyuma kama desturi inavyotaka. Midomo yake ilikuwa tayari kwa ile sentensi. Aliyekuwa karibu naye aliona.

Chapchap akainua pamba juu. Ilikuwa nzima, na kwenye ringi hapakuwa na uzi.

Watu walipiga makofi. Lakini yeye hakuinuka. Aliendelea kuchuchumaa karibu na gurudumu ambalo sasa lilikuwa lake, akauliza kwa sauti ambayo hatujazoea kuisikia kwake: "Mzee, mimi naishi peke yangu. Nani atanipigia magoti?"

Mzee alifungua kinywa, lakini mke wake ndiye aliyejibu. "Jumamosi asubuhi huwa sina wateja. Njoo na tairi lako, njoo na mkeka wako. Nitakupigia magoti, na kazi ya nyuma nitakufundisha pia, maana hiyo huyu hajui."

Mkuu wa usafirishaji ametujulisha kwamba kesho, Jumamosi, madereva wengine wawili wameomba kwenda na Chapchap. Mkwewe ameombwa alete pikipiki, na uzito wake.

Lipo jambo moja la kiofisi ambalo inabidi lielezwe hapa ili leo mchana asiwepo wa kushangaa. Ngao ya mbao atakayokabidhiwa Mzee Pamba ilikuwa imeshachongwa kabla ya Jumamosi, kwa maneno yaliyopendekezwa na mwandishi wa makala haya: MIKONO MIWILI, HAKUNA MKWARUZO. Baada ya tuliyoyaona, maneno hayo hayakuwa kweli tena, na haikujulikana nani aambiwe kwanza. Hatimaye suala lilifikishwa kwa meneja, kwa woga wa kutosha. Meneja alifikiri, akasema mwenye haki ya kuamua si yeye, akaulizwe mama. Mama aliisoma ngao mara mbili, akairudisha.

"Mikono mmeiona," alisema. "Magoti yangu mmeyaacha wapi?"

Fundi mchongaji alisema nafasi iliyobaki ni ndogo. Aliambiwa aitumie hiyohiyo. Chini ya mstari wa kwanza sasa upo wa pili, kwa herufi ndogo kiasi lakini zinazosomeka vizuri ukiisogeza ngao kwenye mwanga: NA MAGOTI MAWILI.

Mzee Pamba, asante kwa kila sanduku lililofika likiwa baridi. Asante kwa wagonjwa waliolala usingizi kwa sababu ulikuwa njiani. Asante kwa kutotumia nguvu pale ambapo sote tungekuruhusu. Nawe mama, asante kwa kazi ya miaka yote hii ambayo hatukuiandika mahali popote kwa kuwa hatukujua ipo. Viti viwili vimewekwa mbele ukumbini leo, na tunaomba vyote vikaliwe.

Tunawatakia asubuhi zisizo na haraka, maji ya moto yasiyokatika, vidole vinavyokunjuka vyenyewe, na ua uliojaa vijana kila Jumamosi. Na siku mkitoka matembezi na Namba Saba ikawapita barabarani, mtazameni anayeiendesha. Ametuahidi kwamba hapo mlipo atapunguza mwendo.